Kabla Hujauliza Mnaenda Wapi, Uliza Unaenda na Nani



Kijana mwenzangu, likizo ikikaribia pale Katoro, michango inaanza. Hawa ni VIWAWA, wale ni TYCS waliorudi nyumbani kutoka shuleni, wengine ni ndugu wa familia moja na rafiki aliyealikwa. Safari yenyewe tunaijua: gari linapita Buseresere na Bwanga, linashika njia ya Chato mpaka Muganza, halafu mnapanda boti kwenda Rubondo. Kisiwa kile ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kuna nzohe, kuna furukombe, kuna sokwe ambao wazee wao 17 waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 wakaachiwa msituni. Nenda ukaone. Mungu aliyeliumba ziwa hakasiriki ukienda kulitazama.

Ila maswali yetu huwa ni yale yale: mchango shilingi ngapi, tunaondoka saa ngapi, nani ana simu inayopiga picha nzuri. Leo tuongeze swali moja: unaenda na nani?

Biblia yetu ina kitabu kizima cha safari, Kitabu cha Tobiti. Sura 14 tu, unakimaliza njiani. Mzee Tobiti amepofuka na hali ni ngumu. Anakumbuka talanta kumi za fedha alizoziweka kwa Gabaeli kule Rage, nchi ya Wamedi, anaamua kumtuma mwanae Tobia akazichukue. Yaani safari inaanza kwa sababu ya pesa. Sisi wa ukanda wa dhahabu hilo halihitaji maelezo. Wangapi tunawajua waliotoka nyumbani alfajiri baada ya kusikia kuna duara jipya limetema?

Sasa angalia mzee anachofanya (sura ya 5). Kabla ya kumruhusu kijana aondoke, anataka apatikane mtu mwaminifu wa kwenda naye. Akipatikana, mzee anamhoji: wewe ni wa ukoo gani, baba yako nani? Si ndivyo wanavyofanya wazazi wetu? Unasema, "Mama, naenda na rafiki yangu," naye anajibu, "Rafiki yupi? Mtoto wa nani? Wanakaa wapi?" Sisi tunanuna, tunaona anatubana. Kumbe Maandiko yameliweka swali hilo kinywani mwa mtu mcha Mungu. Mzee Tobiti haoni, lakini kwa kuuliza anamlinda mwanae.

Na mama yake Tobia analia. Kwake pesa si kitu ukilinganisha na mtoto. Msikie mama huyo, kijana unayetaka kuondoka bila kuaga. Mumsikie na ninyi wazazi mnaomtoa mtoto shuleni aende machimboni.

Wakafuatana, na mbwa wao nyuma. Kwenye mto Tigri samaki mkubwa akamrukia Tobia. Mwenzake hakukimbia, wala hakuchukua simu akarekodi. Alimwambia amkamate yule samaki, amvute nchi kavu. Rafiki wa kweli anabaki pale pale akikutia moyo mpaka umshinde mwenyewe kile kilichotaka kukumeza. Nyongo ya samaki yule yule ndiyo baadaye ikamfungua baba macho.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa Katoro tunapaswa kulisoma mara mbili (sura ya 9). Tobia yuko kwenye sherehe ya harusi yake na Sara, hawezi kuondoka. Anamtuma rafiki yake akachukue fedha. Rafiki anakwenda, anarudi nazo, na mifuko ina mihuri yake vile vile. Fikiria! Sisi tunaojua jinsi urafiki wa miaka unavyokufa kwa gramu mbili za dhahabu, tumewahi kumtuma nani hivyo? Swali gumu zaidi: nani angeweza kututuma sisi?

Mwisho wa kitabu ndipo inajulikana kuwa rafiki yule alikuwa Malaika Rafaeli. Njia nzima hakujitangaza. Alitembea tu, akala njia pamoja nao, akamrudisha mtoto wa watu nyumbani mzima.

Basi hiyo ndiyo kazi yako safarini. Wewe uwe Rafaeli wa mtu. Boti ikijaa kupita kiasi, kuwa wewe wa kusema, "Tusubiri nyingine." Watu wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake, wakafa zaidi ya 200. Kuvaa jaketi okozi hakukupunguzii ushujaa. Dereva akianza kunywa, mnyang'anye funguo kwa upendo. Kama mtalala huko Jumamosi, panga mapema Misa ya Dominika mtaisali wapi. Yesu asiwe ndiye abiria mliyemsahau kituoni. Na yule mwenzenu aliyejitoa kwenye kundi kimya kimya kwa sababu hana mchango, mpigie leo. Huenda siti yake ndiyo sadaka yako.

Rubondo utakaa siku moja au mbili, utarudi. Picha zitafutika simu ikiharibika. Lakini mama wa mwenzako, aliyekaa mlangoni anatazama njia kama mama yake Tobia, hatasahau nani alimrudishia mtoto wake.

Tusali: Ee Mungu, uliyemtuma Rafaeli atembee na Tobia, utupe marafiki wanaotufikisha kwako, na utufanye sisi tuwe marafiki wa namna hiyo. Uwalinde wote walio njiani, ziwani na machimboni, uwarudishe salama kwa wanaowasubiri. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Rafaeli Malaika Mkuu, utuombee.