Adabu za Kungoja Mtoto

Ewe mume uliyeoa na mtoto akachelewa, nenda ukapime nawe. Usimtangulize mkeo kliniki ukabaki barazani kusubiri uambiwe ana kasoro gani. Madaktari hulihesabu jambo hili kuwa tatizo baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga. Mke akishavuka miaka 35, miezi 6 inatosha kuwatoa nyumbani. Na katika karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, sababu ya mume imo, peke yake au pamoja na ya mke. Kipimo chake ndicho chepesi: kujizuia siku chache, kikopo, chumba chenye faragha. Mke yeye husukumiwa dawa kizazini akapigwa picha ya mirija, na wengi hutoka hapo wameshika tumbo. Kwa haki, nani aanze?

Kinachowazuia wanaume wengi ni kuchanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mtu anaweza kuwa shababi chumbani na mbegu zake zikawa chache, zisizo na mwendo, au zisiwepo kabisa. Matubwitubwi yakimshika mvulana aliyekwisha balehe huweza kushukia korodani; kisonono kisichotibiwa huziba njia; mishipa ya korodani nayo huvimba mwenyewe asijue. Wala mtoto uliyempata zamani si ushahidi. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kinachopimwa leo ni cha msimu huu, si cha ujana wako.

Majibu yakitoka, chungeni ndimi zenu. Nimeona katika koo zetu mke akiitwa mgumba miaka na miaka, naye anajua fika kwamba kasoro si yake, akanyamaza kumsitiri mumewe. Mume anayekubali kusitiriwa hivyo anadhulumu. Ikiwa shida ni yako, mwendee mama yako peke yako, umwambie kwa kinywa chako: “Mama, tatizo liko kwangu, na tunatibiwa.” Ikiwa ni ya mkeo, sema “tunatibiwa” tu, ukomee hapo. Cheti cha maabara hakipelekwi kwa wifi wala kwa shangazi, na siku ya ugomvi hakitolewi sandukuni.

Mtaletewa dawa za chango, mizizi na vikombe vya kila namna, na wanaoleta wengi wao wana nia njema. Pokeeni kwa shukrani. Lakini mirija iliyozibwa na kovu la klamidia haifunguki kwa kunywa kitu, na mke aliye kwenye sindano za homoni asichanganye chochote bila daktari wake kujua.

Mkielekezwa kwenye upandikizaji, fahamuni kwanza mnachonunua. Lesley Brown wa Uingereza alikuwa na mirija iliyoziba. Mwaka 1978 akamzaa Louise, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii. Kampala ilipata wake mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Watu husema “mtoto wa chupa”, neno la kejeli tena la uongo: yai na mbegu hukutanishwa maabara, kiinitete hukaa humo siku 3 hadi 5, kisha hurejeshwa kizazini kwa mrija mwembamba. Miezi iliyobaki ni ya mama kama mimba yoyote.

Mambo ya imani yamalizeni nyumbani kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Kwa Waislamu, fatwa ya Misri ya mwaka 1980 iliruhusu tiba hii baina ya mume na mke waliomo ndani ya ndoa, ikakataza mbegu au yai la mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa mwaka 1987, liliikataa. Kaeni na sheikh wenu au padri wenu, mjue pia viinitete vitakavyobaki vitafanywa nini. Swali hilo likiwakuta mapokezi, kalamu mkononi, mtajibu kwa haraka na kujuta kwa muda mrefu.

Kuhusu fedha, wekeni kikomo mkiwa bado na akili tulivu. Tiba hii hula mamilioni, na mzunguko mmoja, hata kwenye kliniki nzuri, hushindwa mara nyingi kuliko unavyofaulu; mke akipita miaka 40 akitumia mayai yake mwenyewe, matumaini hupungua sana. Msiulize kliniki wangapi walishika mimba. Ulizeni wanawake wa umri wa mke wangapi walijifungua. Anayekwepa swali hilo msimpe hati ya kiwanja chenu.

Siku za sindano ni za mume kuonekana. Huwa kama 10 hadi 12, kila siku kwa saa ile ile. Jifunze kumchoma tumboni asije akajichoma peke yake bafuni. Dawa nyingine hukaa kwenye friji, basi umeme ukikatika ujue barafu utaitoa wapi. Sindano ya mwisho ndiyo yenye saa kali zaidi, kwa maana mayai huvunwa kama saa 36 baada yake. Ikiangukia usiku wa harusi ya binamu yako, ondokeni ukumbini. Binamu ataolewa bila nyinyi kuwepo.

Halafu huja wiki mbili za kungoja kipimo, ngumu kuliko sindano zote. Majirani na ndugu, hapa nawasemesha nyinyi. Msiulize “vipi, imeshika?” Msimpapase tumbo mtu kwenye arobaini ya mtoto wa mwenziwe. Mwenye mimba katika ukoo amwambie dada huyu faraghani kabla habari haijafika kwenye kundi la simu, na asiudhike akikosa kuja kwenye sherehe. Mimba ikiharibika, “utapata mwingine” si pole, kwa kuwa aliyemlilia ni huyu. Peleka chakula, osha vyombo, ondoka.

Na huenda wanandoa hawa wakafika mahali wakasema basi. Wengine huenda ustawi wa jamii kuomba kulea au kuasili mtoto. Wengine hubaki wawili, wakasomesha wapwa zao, na ndoa ikadumu. Wakifika hapo, ndugu wa pande zote mbili, msiitishe kikao cha ukoo, msimletee mume jina la mke wa pili wala msimnong’oneze mke kwamba kwa mwanamume mwingine angezaa. Wapeni heshima ile ile mnayowapa wenye watoto, na kwenye kugawa mambo ya familia wahesabuni kuwa nyumba kamili.