Swali Ambalo Paulo Hakulijibu

Ndoa kati ya Mkristo na mwenzi asiyeamini huzungumzwa makanisani kana kwamba ni jambo la aina moja, ilhali zipo hali mbili zinazotofautiana tangu mwanzo: ipo ya mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa ndipo akaamini, mwenzake akabaki palepale alipokuwa, na ipo ya yule ambaye tayari ni mwamini naye anaingia katika ndoa akijua wazi kwamba mwenzake hana imani hiyo. Waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, ulioandikwa yapata mwaka 55, katika sura yake ya saba unashughulikia hali ile ya kwanza, kwa kuwa kanisa la Korintho lilikuwa changa na wengi wa waumini wake waliijua ndoa kabla ya kuujua ubatizo. Ushauri wake ni kwamba mwamini asimwache mwenzake iwapo huyo yuko radhi kuishi naye, lakini asiyeamini akiamua kuondoka na aondoke, maana mwamini hafungwi katika hali hiyo. Kisha anamuuliza mke atajuaje kama atamwokoa mumewe, na mume naye anaulizwa vivyo hivyo.

Paulo aliuliza na hakujibu. Wahubiri ndio waliojibu kwa niaba yake, na jibu lao huwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio wengi kwenye mabenchi ya ibada: wakifunga, wakisali na kuvumilia, mume ataokoka; asipookoka, basi uvumilivu wao ulikuwa na kasoro. Kwa jibu hilo ndoa hugeuka kazi ya uinjilisti, na mume ndiye shamba linalolimwa pasipo kuambiwa. Binadamu hung'amua upesi anapopendwa kwa sharti, na chakula kinachoandaliwa kwa upole wa ghafla baada ya semina ya wanandoa humtia shaka hata mume mpole.

Ugumu wenyewe hauko sana katika mafundisho makubwa ya dini, bali katika mambo ya siku hadi siku. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji wa kale uliokuwa katika Tunisia ya leo, aliliona hilo mwanzoni mwa karne ya tatu alipomwandikia mkewe vitabu viwili kuhusu ndoa, akimwonya asije akaolewa na asiye Mkristo endapo atabaki mjane. Anasema kwamba siku mke anapotaka kufunga ndiyo siku mume anapoandaa karamu, kwamba hakuna mume atakayefurahi mkewe akizunguka vichochoroni kuingia vibanda vya maskini au akikesha nje usiku wa Pasaka, na kwamba ishara ya msalaba juu ya kitanda itaonekana kuwa ni uchawi. Msomaji wa leo hana haja ya kubadilisha mengi: mkesha ni ule wa kufunga mwaka, fungu la kumi linatoka kwenye mshahara unaotegemewa na nyumba nzima, na jumuiya ndogondogo inakutana sebuleni saa ileile mume anapotaka kutazama mpira. Tertuliano alikuwa mkali kupita kiasi katika mengi, lakini katika hili aliandika kama mtu aliyeishi ndani ya nyumba.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Monika, mama yake Augustino wa Hippo, anayekumbukwa na Wakatoliki kila tarehe 27 Agosti. Aliolewa huko Tagaste, katika Algeria ya leo, na Patrisi, diwani wa mji huo asiyekuwa Mkristo, mwepesi wa hasira na asiyekuwa mwaminifu katika ndoa. Augustino anasimulia katika kitabu cha tisa cha Maungamo kwamba mama yake hakugombana na mumewe kwa sababu ya wanawake wengine, tena hakumjibu akiwa amekasirika, bali alingoja hasira ipoe ndipo akajieleza. Na kwamba Patrisi alipokea imani mwishoni mwa maisha yake. Hayo ndiyo yanayohubiriwa. Yasiyohubiriwa yamo katika ukurasa huohuo: wanawake wa mji walimjia Monika wakiwa na alama za vipigo usoni, naye akawaambia, nusu kwa mzaha, kwamba kosa lilikuwa la ndimi zao, na kwamba wangepaswa kuuhesabu mkataba wa ndoa kuwa hati iliyowafanya watumwa.

Ushauri huo haufai kurithiwa, hata kama ulitoka kinywani mwa mtakatifu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu, na Paulo mwenyewe alijenga ushauri wake juu ya radhi ya asiyeamini kuishi na mwamini. Anayempiga mkewe kwa sababu ya kwenda kanisani hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia kuishi naye, hata kama hajahama nyumba.

Kuhusu watoto, Kanisa Katoliki lilijifunza polepole. Ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa, ambayo katika sheria zake ina kizuizi cha tofauti ya dini, huhitaji kibali cha askofu. Na zamani, chini ya sheria za mwaka 1917, wote wawili walitakiwa kutoa dhamana kwamba watoto watalelewa katika Ukatoliki. Papa Paulo wa Sita alilibadilisha hilo mwaka 1970, na sheria za mwaka 1983 zikalithibitisha: anayeahidi ni mwamini peke yake, naye huahidi kufanya yote awezayo, wakati mwenzake hujulishwa tu ahadi hiyo. Maneno hayo, yote awezayo, yana heshima kubwa ndani yake, kwa kuwa yanakiri kwamba mtoto ana wazazi wawili na kwamba dhamiri ya mmoja haitolewi rehani na mwingine. Augustino alikulia katika nyumba ya namna hiyo, ambamo kila mtu aliamini isipokuwa baba, na anakiri kwamba baba huyo hakumzuia mama kumlea mtoto katika imani.

Monika alimpenda Patrisi kama mume. Alikuwa amejiandalia kaburi kando ya lake, kwa sababu, anasema Augustino, walikuwa wameishi kwa mapatano makubwa, na kwa miaka mingi lilimsumbua sana wazo la kuzikwa mbali naye. Mwaka 387, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake, aliugua huko Ostia, bandari ya Roma, akiwa safarini kurudi Afrika, naye akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Alizikwa hukohuko Ostia.