Anayeifuga Bahari

Je, ni haki kufuga samaki na matumbawe ya bahari nyumbani? Marekani wapo wanaoweka tangi la kioo sebuleni, na pampu na vichujio katika chumba kilicho chini ya nyumba. Kila lita ya maji hutiwa chumvi gramu 35 hivi. Joto huwekwa karibu nyuzi 25. Wageni husifu rangi za juu, kumbe uhai unategemea kazi ya chini. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, samaki huweza kufa kwa kukosa hewa.

Wapo wasemao: ni mali yake. Mimi nasema, anayemtoa kiumbe baharini amejitwika kazi ya bahari. Hata anayenunua samaki aliyezaliwa tangini ana deni hilo, kwa kuwa asiyeweza kuondoka hana mlinzi mwingine.