Cheti Mkononi, Randa Hakuna

Mgisu hafundishwi jembe gerezani. Alilishika utotoni, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akipalilia kahawa na migomba ya baba yake. Kwa hiyo kila nikiona kundi la wafungwa katika sare zao za manjano wakilima shamba la mtu, askari kasimama kivulini na bunduki, najiuliza watu hawa watatoka wakijua nini ambacho hawakukijua siku waliyoingia.

Sheria ya Magereza ya Uganda ya mwaka 2006 inataka mfungwa arekebishwe kwa elimu na mafunzo. Miaka mitano baadaye, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi wafungwa, na hata mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa, walivyolazimishwa kulima mashamba ya magereza, ya watu binafsi na ya maafisa wenyewe. Sikatai, kulima ni kazi, na gereza lazima lile. Ila kumtumikisha mtu ni jambo moja na kumpa ufundi ni jingine. Tumeshikilia la kwanza kwa sababu linalipa haraka.

Na la pili linawezekana. Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Jina lake ndilo lililotangulia katika shauri la wafungwa 418 dhidi ya adhabu ya kifo, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jaji halazimiki tena kutoa hukumu hiyo. Humo humo gerezani, Luzira, akasoma sekondari, kisha sheria, kwa masafa, kupitia Chuo Kikuu cha London. Aliachiwa mwaka 2016. Wapo pia waliosomea biashara humo chini ya chuo cha biashara cha Makerere, MUBS. Lakini Luzira iko Kampala, jirani na mabalozi, wafadhili na kamera.

Huku mashariki tuna magereza ya Kirinya pale Jinja na Maluku hapa Mbale. Mtaani kwetu yupo fundi wa milango aliyejifunza useremala Kirinya. Mteja akimuuliza alikosomea, hujibu, “Jinja, mzee,” na mteja huridhika, akidhani ni kwenye karakana ya Mhindi fulani. Hasemi uongo. Anajua tu kwamba akitaja Kirinya, mteja atakumbuka ghafla kuwa mlango wake unaweza kusubiri hadi mwezi ujao. Mimi nimeweka milango yake miwili, na yote inafunga vizuri, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya ile niliyonunua kwa mafundi wasio na doa.

Kilichomtesa zaidi, anasema, hakikuwa maneno ya watu. Alitoka na ujuzi mikononi lakini hana randa, hana msumeno, hana hata patasi. Akawa kibarua wa kubeba mbao za wenzake, akisubiri wamwazime vifaa jioni wakishachoka. Mwanamke aliyefunzwa kushona hutoka vivyo hivyo, cherehani ikabaki nyuma ya ukuta. Halafu tunashangaa wengine wanaporudi ndani.

Najua jibu la wakubwa: magereza yamefurika. Ni kweli. Wafungwa na mahabusu wa Uganda wamepita 70,000, katika majengo yaliyokusudiwa theluthi yao hivi. Karakana yenye meza chache haiwezi kuwafundisha wote. Lakini msongamano haukuzuia makundi kupelekwa mashambani kila asubuhi. Kwa jembe, nafasi ilipatikana.

Nina mambo mawili ya kuomba. MUBS ina matawi Jinja na Mbale, na kutoka darasani kwao hadi lango la Kirinya au Maluku ni safari ya boda tu. Walimu wake walizoee lango hilo kama wenzao walivyolizoea la Luzira. La pili ni la Idara ya Magereza. Wenye mashamba hulipa kwa kulimiwa na wafungwa. Sehemu ya fedha hizo iwekwe kando, inunue vifaa, na kila anayemaliza kifungo akiwa na ufundi akabidhiwe vyake pale langoni, kwa sahihi. Aliyevilipia kwa jasho ni yeye.