Upole si Unyonge

Andiko: Mathayo 5:5, Hesabu 12:1–13, Marko 3:1–5



Jumapili iliyopita, baada ya somo la heri za Yesu, dada mmoja alinifuata nje akaniuliza, "Pasta, kwani Mungu anapenda watu wasiojitetea?" Nilimpa jibu la haraka haraka kwa sababu ibada ya pili ilikuwa inaanza. Swali lake limekaa nami wiki nzima. Leo nataka kulijibu vizuri.

Nianze na barua za kuomba kazi. Vijana wetu wengi huandika humo kwa Kiingereza kwamba wao ni "calm under pressure", yaani watu wasiotetereka mambo yakichacha. Hata mimi niliandika. Na mwaka wangu wa pili kazini, kabla sijaingia kwenye huduma, bosi aliniandikia maneno hayo hayo kwenye fomu ya tathmini. Sikufurahi, kwa sababu nilijua yametoka wapi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa ofisi ya uhasibu ya kampuni moja hapa Nairobi. Mwisho wa mwezi hesabu ikakataa: shilingi 18,400 hazikuonekana. Tukaitwa mkutanoni. Msimamizi wetu akamnyoshea kidole keshia, msichana aliyekuwa na miezi minne tu kazini. Mimi nilijua ukweli. Nilikuwa nimemwona msimamizi mwenyewe mara mbili akichukua pesa bila kuandika vocha, akisema atarudisha. Yule keshia hakulia wala hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Sikuchukua. Naomba vitabu vifunguliwe." Bosi akatuangalia mmoja mmoja. Alipofika kwangu, niliangalia kalamu yangu. Dada wa watu akakatwa mshahara miezi mitatu. Mimi nikasifiwa kwa utulivu.

Kwa hivyo chumba kile kilikuwa na watu wawili watulivu. Kwa nje tulifanana, lakini ndani hatukufanana hata kidogo. Yeye alikuwa mpole. Mimi nilikuwa mnyonge.

Kiingereza kina maneno mawili yanayolia karibu sawa, "meek" na "weak", na wengi huyachanganya. Lakini tusiwacheke Waingereza. Hata sisi, mtu akipiga kelele kwenye matatu mpaka polisi watokee, tunasema, "Ghafla akawa mpole!" Tunamaanisha ameogopa. Na tukitaka mtu anyamaze tunamwambia, "Kuwa mpole." Ndiyo maana dada yetu akisikia Yesu akiwabariki wapole, anasikia ni kama amewabariki waoga.

Neno lililoko kwenye Mathayo kwa Kigiriki ni *praus*. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba upole uko katikati ya makosa mawili. Upande mmoja kuna mtu wa hasira za karibu. Upande wa pili kuna mtu asiyekasirika hata panapostahili. Mpole hukasirikia jambo linalostahili, kwa namna inayofaa na kwa wakati wake. Na anayevumilia watu wake watukanwe asiseme kitu, huyo alimhesabu kuwa na moyo wa kitumwa. Niliyasoma hayo chuoni katika somo la maadili ya biashara. Nilipita mtihani, kisha nikafeli mkutanoni.

Biblia inatuonyesha jambo hilo kwa watu. Hesabu 12 inasema Musa alikuwa mpole kuliko watu wote duniani. Miriamu na Haruni walipomsema, hakujitetea. Mungu ndiye aliyemtetea, na Miriamu alipopatwa na ukoma, Musa alimwombea apone. Lakini huyo huyo Musa, alipowaona watu wakiabudu ndama, alizivunja mbao za mawe. Yesu naye alijiita mpole. Mbele ya Herode alinyamaza. Lakini katika Marko 3, walipomvizia wamshtaki kwa kumponya mtu mwenye mkono uliopooza siku ya sabato, aliwatazama kwa hasira, kisha akamponya. Unaona mpangilio? Heshima yao wenyewe ilipoguswa, waliweza kunyamaza. Heshima ya Mungu au haki ya mtu mwingine ilipoguswa, hawakunyamaza.

Utaniuliza, "Na kugeuza shavu la pili je?" Ni agizo la Bwana, na lazima tulitii. Lakini ninaloweza kugeuza ni shavu langu. Siku ile mkutanoni niligeuza shavu la yule dada. Tena Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, lakini aliuliza kwa nini anapigwa. Kuuliza swali la haki hakuvunji upole.

Mwingine atasema, "Pasta, ungesema ungefutwa kazi." Pengine. Nilikuwa na kodi ya nyumba na karo ya ndugu yangu. Sisemi kuogopa peke yake ni dhambi. Dhambi yangu ilikuwa kumwacha mwenzangu peke yake, kisha kuuita woga wangu hekima.

Na tutofautishe. Kuna unyonge wa nafasi na unyonge wa moyo. Keshia hakuwa na cheo wala shahidi, lakini moyo wake ulisimama. Mimi nilikuwa na ushahidi, moyo ukalegea. Kwa hivyo mama anayepigwa nyumbani akija kwetu, ole wetu tukimwambia tu "kuwa mpole, vumilia". Huyo hahitaji somo la upole. Anahitaji mahali salama na watu wa kusimama naye. Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Miaka miwili baadaye nilimtafuta yule dada, nikamwomba msamaha na kumpa pesa alizokatwa. Alizipokea. Akasema, "Nilijua unajua." Hakuongeza neno, na sikuwa na la kujibu.

Kwa hivyo dada yangu uliyeuliza, jibu ni hili: Mungu hapendi watu wasio na nguvu za kusema. Anawapenda wenye nguvu waliozikabidhi kwake, yeye aamue zitumike wapi. Wiki hii ukinyamaza mahali, jiulize mambo mawili. Nimenyamaza kwa ajili ya nani? Na nani amelipia ukimya wangu? Ukigundua kuwa umelipia wewe mwenyewe, kwa upendo, huo ni upole. Ukigundua kuwa amelipia mwingine, rudi ukaseme.

Bwana atupe moyo mtulivu na kinywa kisichoogopa. Amina.