Nani Ailinde Nyumba?

Mafungu ya kujifunza: Kut. 22:2, 3, Kum. 22:8, Ezra 8:21–23, Neh. 2:9, 4:9–20, Mt. 26:51, 52, Lk. 22:51.

Minada ya korosho inapoanza mwezi wa Oktoba, Masasi na Newala hubadilika. Waliokaa miezi mingi bila kitu hushika fedha, na sura ngeni huonekana barabarani. Mwenye duka au mnunuzi wa mazao hulala na fedha za watu ndani ya nyumba. Ndipo swali moja huulizwa, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya ibada: Je, ni vema mshiriki wa kanisa kumiliki bastola?

Anayeuliza si lazima awe mpenda vita. Huenda ni baba mwenye watoto wadogo, na kituo cha polisi kiko mbali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kuomba leseni, naye huchunguzwa kwanza. Hofu yake ni ya kweli, na anastahili jibu lililopimwa.

Safari mbili, mfalme mmoja

Soma Ezra 8:21–23 na Nehemia 2:9. Ezra alikwenda Yerusalemu akiwa na fedha na dhahabu nyingi, lakini aliona haya kuomba askari, kwa kuwa alikwisha kumshuhudia mfalme juu ya ulinzi wa Mungu. Akafunga na kuomba. Miaka 13 baadaye, chini ya Artashasta yuleyule, Nehemia alisafiri na askari wa farasi, wala Maandiko hayamlaumu. Basi asiye na silaha asimhesabu mwenye nayo kuwa mtu asiye na imani. Na mwenye nayo asimwone mwenzake kuwa mjinga. Mwaka 1990 Kanisa la Waadventista Wasabato ulimwenguni lilitoa tamko likitaka uuzaji wa silaha za kivita kwa raia udhibitiwe vikali. Bastola ya nyumbani imebaki kuwa swali la dhamiri, na dhamiri huhitaji kufundishwa na Neno.

Jua likichomoza

Katika Kutoka 22:2, 3 Torati inatofautisha usiku na mchana. Mwizi akiuawa usiku akivunja nyumba, mwenye nyumba hahesabiwi damu yake. Jua likiisha kuchomoza, anahesabiwa. Gizani haijulikani kama mtu amekuja kuiba au kuua. Mchana anaweza kutambuliwa, kukamatwa na kulipa. Damu ya mwizi nayo ni damu, na haibadilishwi kwa gunia la korosho.

Kwa hiyo anayetaka bastola aanze hapa: anachotaka kulinda ni watu au ni mali? Ikiwa ni mali, ziko njia zisizohitaji risasi. Malipo ya korosho za mnada hupitia benki. Fedha isiyolala nyumbani haimwiti mwizi.

Ukingo wa dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba alitakiwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mwenye mali anawajibika kwa hatari ya mali yake kabla ajali haijatokea.

Bastola ya ukubwa wa kati, kama Glock 19, hubeba risasi 15 za milimita 9. Kila risasi ikitoka, bastola huingiza inayofuata yenyewe. Hiyo ndiyo faida yake kwa mtu aliyevamiwa. Lakini magazini ikitolewa, risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, na wako waliouawa na silaha iliyodhaniwa kuwa tupu. Tena risasi hiyo hupita mlango wa mbao, ikaendelea hadi chumba wanacholala watoto. Ikifungiwa kwenye kasha la chuma, mtoto yu salama, ila haiko mkononi mlango unapovunjwa. Ikiwa chini ya mto, iko karibu na baba, na iko karibu na mtoto pia.

Baragumu na jirani

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, nao wakajenga kijiji. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara walikivamia na kuteka watu. Baada ya hapo misheni ilihamia Newala, karibu na Chifu Matola. Waliovamiwa walihitaji jirani.

Wajenzi wa Nehemia walishika silaha, lakini tegemeo lao lilikuwa pia baragumu: popote iliposikika, wote walikusanyika (Neh. 4:20). Kijijini leo baragumu hiyo ni yowe. Likipigwa, watu hutoka na tochi na fimbo. Je, nyumba inayojulikana kuwa na bastola, nani atakimbilia mlango wake usiku wa manane? Gizani, jirani anayekuja kuokoa hufanana na mwizi, na mkono wenye hofu haungoji kuuliza jina. Hii ni gharama isiyoandikwa kwenye leseni.

Yowe nalo lina hatari yake. Kundi lenye hasira likimpiga hadi kufa mwizi aliyekwisha kukamatwa, limeua mtu ambaye jua limemchomozea. Amri ya Kutoka 22 inalihukumu jiwe na fimbo kama inavyoihukumu risasi.

Petro alichomoa upanga kwa nia njema, akamjeruhi mtumishi. Yesu alimzuia, kisha akaliponya sikio. Mwenye bastola hawezi kuponya alichokipiga. Kabla ya kujaza fomu ya leseni, basi, na afanye kwanza yale ambayo hayatamletea majuto: apunguze fedha nyumbani, aimarishe mlango, azungumze na majirani, aombe kama Ezra. Akiisha kufanya hayo, huenda akaona kwamba haja ya bastola imepungua. Na kama bado anaihitaji, ataichukua akijua uzito wake.

Maswali ya kujadili

1. Ulinzi wa Ezra na wa Nehemia ulimshuhudia nani mbele ya waliotazama? Ulinzi wa nyumba yako unamshuhudia nani?

2. Mwizi amekamatwa na kundi linakusanya mawe. Mshiriki aliyefika hapo afanye nini, naye ataka kubaki salama?

3. Kanisa lenu linaweza kufanya nini msimu wa korosho ili mjane au mwenye duka asilale peke yake na hofu?