Biashara ya Kuwasomea Watu Tabia Zao

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na ayajuaye yanayopita nafsini mwake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala na kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa letu, nasi tumeona jawabu lake lichapishwe hapa, kwani wenye kuliuliza leo ni wengi.

Kijana asema: amejifunza kwa njia ya intaneti ilimu iitwayo Eniagramu, ambayo huwagawanya watu sampuli tisa kwa tabia zao. Ataka kuacha kazi yake ya mshahara afungue afisi ya ukocha wa maisha. Watu watakuja, watajibu masuala, wataambiwa namba zao, kisha wataongozwa katika ndoa zao, kazi zao na malezi ya watoto wao, nao watalipa kwa saa. Waliomfundisha wamemwambia ya kuwa asili ya ilimu hii ni Masufi wa Kiislamu, basi naye ameandika hivyo katika tangazo lake, na watu wanne wamekwisha kumpa arubuni. Atuuliza: biashara hii ni halali au ni haramu?

Barazani alijibiwa upesi. Baadhi ya watu walimwambia ni kufuru ya Kizungu. Wengine walimwambia asiwaulize masheikh, kwani masheikh hawajui mambo ya leo. Makundi yote mawili yalisema kabla ya kutazama. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Nahl tusiseme kwa ndimi zetu kuwa hili ni halali na hili ni haramu kwa kumzulia uwongo. Basi sisi tulimwambia kijana atuletee vitabu vyake, tukavisoma, tukamuuliza na yeye, kisha ndipo tulipoandika.

Kwanza: asili yake

Neno lenyewe limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni mchoro wa vitu tisa. Ni duara lenye nukta tisa. Nukta za 3, 6 na 9 zimeungwa kwa pembetatu, na zilizobaki zimeungwa kwa mstari wapitao 1, 4, 2, 8, 5, 7. Mpangilio huo wastaajabisha wengi, walakini mtoto wa skuli akigawanya 1 kwa 7 atazipata tarakimu zizo hizo kwa utaratibu huo huo. Hiyo ni hesabu, si siri iliyoteremshwa.

Aliyeutangaza mchoro huu ni G. I. Gurdjieff, mzaliwa wa Armenia, aliyewafundisha wanafunzi wake wa Urusi wakati wa vita vikuu vya kwanza, na akafariki Ufaransa mwaka 1949. Yeye hakuutumia kuwapa watu namba za tabia. Aliyezitia tabia tisa katika nukta hizo ni Oscar Ichazo, mtu wa Bolivia, aliyefundisha katika mji wa Arica, nchi ya Chile. Mwaka 1970 alimwendea huko tabibu wa maradhi ya akili aitwaye Claudio Naranjo, akajifunza, kisha akaenda kuwafundisha watu Berkeley, katika Marekani. Kutoka hapo ikaingia kwa mapadri wa Kikatoliki wa shirika la Wajesuiti, na katika miaka ya 1980 ikaenea kwa vitabu. Na hatta hao Wakatoliki, mwaka 2003 Vatican yenyewe ilitoa tahadhari juu yake katika waraka wake.

Basi Masufi wako wapi? Gurdjieff alidai amejifunza kwa jamaa za siri huko Asia. Sisi ni watu wa isnadi. Hadithi ya Mtume wetu s.a.w. hatuipokei mpaka tujue nani kaipokea kwa nani, basi vipi tupokee neno la mtu asemaye amejifunza kwa watu wasiojulikana, mahali pasipojulikana? Hatukuonyeshwa kitabu wala mnyororo. Zaidi ya hayo, taasisi ya Ichazo ilipomshitaki mwandishi Helen Palmer kwa kuyatumia mafundisho yake, mahkama ya rufani huko Marekani ilimpa Palmer haki, mwaka 1992. Katika hoja za hukumu ilikuwa hii: wenye kushitaki walikuwa wamekwisha kuwaambia watu kuwa hizi ni hakika za tabia ya binadamu alizozivumbua Ichazo, na hakika haiwi mali ya mtu. Mwenye kusema amevumbua hawezi tena kusema amerithi.

Na lau ingalikuwa kweli ni ya Masufi, jina hilo peke yake silo muhuri wa uhalali. Ni mangapi yaliyotiwa katika dini yetu kwa kubandikwa majina ya watu wema!

Pili: je, ina faida?

Tutasema haki. Katika vitabu vile kila sampuli imepewa jina na maradhi yake. Wa pili ni Msaidizi, na maradhi yake ni kiburi; wa tano ni Mchunguzi, na maradhi yake ni ubakhili; wa sita ni Mwaminifu, na maradhi yake ni khofu. Wa kwanza huitwa Mtengenezaji, mwenye kutaka kila kitu kinyooke. Tulipofika hapo wanafunzi wetu walitazamana wakacheka, na mmoja akasema, "Sheikh wetu, huyu twamjua." Tukasoma maradhi yake: ni hasira.

Hatukucheka. Tulimkumbuka mwanafunzi mmoja tuliyemkemea mbele ya wenziwe miaka miwili iliyopita kwa kukosea irabu moja, naye hajarudi darsani tangu siku hiyo. Hatukuhitaji mchoro wa nukta tisa kuyajua hayo. Mama watoto wetu alitwambia usiku ule ule, nasi tulimjibu kuwa hajui adabu za kusomesha.

Basi twasema: kitabu hiki chaweza kumzindua mtu. Walakini Waislamu hawakuwa maskini wa ilimu hii. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, ameitwa hivyo kwa wingi wa kuihesabu nafsi yake. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametaja katika Ihyaa njia nne za mtu kuzijua aibu zake: kukaa kwa sheikh mwenye busara, kuwa na rafiki mkweli wa kumchunga, kusikiliza ndimi za maadui, kwani adui haifichi aibu, na kuchanganyika na watu, akiona ovu kwa mwenziwe ajitazame nafsini mwake. Njia hizi nne hazina ada wala shahada ya ukutani. Tumeziacha, kisha twazinunua kwa wengine kwa saa.

Na Mtume wetu s.a.w. alizijua tabia za watu. Mtu alimwomba wasia, akamwambia asikasirike, akakariri neno hilo. Abu Dharr alimzuia asitake utawala, kwa kuwa alimwona dhaifu kwa jambo hilo. Na mkubwa wa ujumbe wa Abdul-Qais alimsifu kwa upole na utulivu. Na alipomuuliza kama ni mambo aliyoyachuma au aliyoumbwa nayo, alimjibu kuwa Mungu amemuumba nayo. Basi kuwa watu wametafautiana maumbile ni kweli tupu, wala si uzushi wa Marekani.

Tatu: khatari zake

Ya kwanza ni kuifanya namba kuwa udhuru. Tumeletewa mume na mke wenye ugomvi, mume akatwambia, "Mimi ni wa nane, ndivyo nilivyoumbwa, na avumilie." Tazameni dawa ilivyogeuka sumu! Ghazali amewarudi wenye kusema tabia haigeuki: lau haigeuki, wasia na mawaidha yote yangalikuwa bure. Na mnyama wa mwituni hufugwa akatulia, basi vipi mwanadamu ashindwe? Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura ya Shams ya kuwa nafsi imefahamishwa uovu wake na ucha Mungu wake, na aliyefaulu ni yule aliyeitakasa. Hakusema amefaulu aliyeijua namba yake.

Ya pili ni kuifanya namba kuwa ghaibu. Akija mtu kuuliza aoe nani, naye akajibiwa kuwa wa nne hafai kwa wa tano, hilo lina tafauti gani na kupigiwa nyota kwa hesabu ya jina lake na jina la mama yake? Na hapa twawaambia wale waliosema ni kufuru ya Kizungu: nyinyi wenyewe mwaenda kwa wapiga ramli usiku, na hirizi mmewafunga watoto wenu. Mtume s.a.w. ametufunza kuwa mwenye kumwendea mtazamiaji na kumuuliza jambo, hakubaliwi sala za siku arubaini. Hukumu hiyo haibaguwi baina ya mtazamiaji wa kilemba na wa tai.

Ya tatu ni kujitia utabibu. Wataalamu waliozipitia tafiti za Eniagramu mwaka 2021 waliona ushahidi wake umechanganyika: mengine yasimama, mengine hayasimami. Basi si mizani ya kumpimia mgonjwa. Imepokewa kwa Mtume s.a.w. kuwa mwenye kutibu bila ya kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya alichoharibu. Akija mtu asiyelala, au atakaye kujidhuru, kocha hana haki ya kumpa namba. Na ampeleke kwa tabibu. Na serikali yetu ya Kenya ina sheria ya mwaka 2014 yenye kuwataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Haifai mtu kuikwepa amana hiyo kwa kujiita jina jingine.

Jawabu

Kwa hivyo twamwambia mwanetu: kuchukua ujira kwa kumsikiliza mtu, kumuuliza masuala na kumsaidia kuyapanga mambo yake ni halali, maadamu kazi yajulikana, na muda wajulikana, na bei yajulikana. Na hicho kitabu chako, kitumie kama kioo, usikitumie kama kadhi. Mwambie kila mtu kabla hajalipa kuwa ni matengenezo ya watu wa zama zetu, kuwa laweza kukosea, na kuwa hujui ghaibu. Siri ya mtu ni amana, kwani mwenye kutakwa ushauri ameaminiwa. Usikae faragha na mwanamke asiye maharimu wako. Usichukue mkopo wa riba kulipia afisi.

Na kazi yako ya mshahara usiiache sasa. Una mama mkongwe na wadogo wawili wa skuli, na yatosha kuwa dhambi mtu kuwapoteza wale anaowalisha. Anza kwa jioni na Jumamosi, uone.

Limebaki lile tangazo. Umeandika "ilimu ya Masufi", na sasa umejua kuwa halina uthibitisho. Mtume s.a.w. aliutia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkataa mwenye kughushi. Neno lako hilo ndilo nafaka kavu iliyowekwa juu. Lifute. Na wale wanne waliokupa arubuni, waendee mmoja mmoja, uwaambie kweli, na atakaye fedha zake mrudishie.

Kijana alinyamaza kwa muda mrefu, kwani arubuni ile amekwisha kununulia meza na viti. Kisha akasema, "Sheikh, wakizitaka wote wanne?" Tukamwambia: uza viti. Siku ya tatu alikuja kututolea khabari: wawili walitaka fedha zao akawapa, na wawili walisema watabaki naye kwa kuwa amewaambia kweli. Huo ndio mtaji wake, nao ni bora kuliko ule wa kwanza.

Nasi tuliona haya kumtuma mtu kwenye milango minne na sisi tuna mlango mmoja hatujaugonga. Baada ya sala ya Alasiri tulikwenda kwa yule mwanafunzi wetu wa irabu, tukamtaka radhi mbele ya baba yake. Alitukaribisha kahawa. Kurudi darsani hajaahidi, nasi hatukumshurutisha.

Enyi ndugu zetu, mwenye kutaka kuijua nafsi yake leo, na amuulize mkewe, au mtumishi wake, au mwanafunzi wake, kisha anyamaze asikie. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe aibu zetu kabla ya kuzionyesha kwa watu, atupe nguvu ya kuziondoa, na aibariki chumo ya kila mwenye kusema kweli. Amin.